Herufi Nene za Cirhuza

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimemaliza! Herufi zote, A hadi Z, ziko kwenye ukuta wa kibanda changu cha kuandika vibao, hapa mtaani Nguba, kando ya barabara inayoteremka ziwani. Nene. Za mviringo. Hakuna kona hata moja ya kumchoma mtu. Nimezipa jina la Cirhuza Munene. Cirhuza ni mimi. Munene ni herufi, kwa sababu mimi mwenyewe ni mwembamba na suruali yangu inajua.

Kazi haikuwa ndogo. O nilichora kwa kuzungusha penseli kwenye kopo la nyanya. Kona nililainisha kwa mdomo wa glasi. Tundu la ndani ya A nimeliacha dogo kama punje ya haragwe, maana herufi iliyoshiba haina nafasi tumboni. S ilinitesa. Kila nikiinenepesha inaegemea mbele kama mtu anayetaka kutapika. K nimeipa miguu mifupi. Q siipendi, lakini nimeimaliza, mtu asije akasema ninabagua.

Destin alivuka barabara kuja kutazama. Ana duka la kuchapisha mkabala na kibanda changu, na mashine inayotema mabango siku nzima. Herufi zake ni nyembamba, zina mikia, zimekonda kwa kujidai. Akatazama ukuta wangu, akauliza kama umeumwa na nyuki. Wivu ule!

Kwa nini najisumbua hivi? Kwa ajili ya Georgette. Anafundisha shule ya msingi, ananipenda, nami nampenda mpaka nashindwa kula. Tatizo ni baba yake. Papa Raphaël alikuwa directeur, mkuu wa shule, sasa amestaafu, na haamini kazi ambayo mtu anaifanya akiwa juu ya kiti cha kuazima. Kabla ya mwezi huu kwisha ataamua kama atapokea posa ya wazee wa ukoo wangu, au wa Destin. Ndiyo, wa Destin! Wamekwisha kutuma salamu.

Georgette amenipa shauri moja. Baba yake husoma kila kitu anachokutana nacho njiani, kuanzia kibao cha kinyozi hadi karatasi iliyofungia karanga. Akikutana na maandishi yangu, na akiona watu wanayapenda, moyo wake utalegea.

Basi mpango ni huu. Nitaijaza Nguba. Papa Raphaël akienda misa asubuhi, anisome. Akirudi, anisome tena.

Jumanne, 3 Oktoba

Mteja wa kwanza! Maman Asumini, wa familia ya Uvira, anayekaanga mandazi penye kona. Alitaka kibao kiseme: Maman Asumini, mandazi ya moto, kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Nikachagua rangi ya machungwa. Nikaanza kwa jina. Jina likawa zuri ajabu. Likamaliza ubao.

Mengine nimeyaandika kwenye ukingo wa chini. Yanasomeka vizuri, mtu akiinama.

Maman Asumini alikunja mikono. Akasema, "Cirhuza, jina yangu imekula mandazi yangu." Nikamweleza kwamba mteja haji kusoma, anakuja kula. Alitaka kubisha, lakini watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Mtoto mmoja alikuwa analamba M. Basi akanipa mandazi mawili, tena makubwa.

Baadaye akaja Tantine Yolande, shangazi wa Georgette, dada mkubwa wa Papa Raphaël. Mama mnene, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Kila asubuhi hununua mandazi hapo na kuyala palepale, amesimama, akiongea na kila mpita njia. Akashika kiuno mbele ya kibao. Akasema, "Hii maandiko iko miye kabisa! Iko nene, inaikala muzuri, haiko na haraka." Akanionya nisikubali mtu yeyote azikondeshe. Katika familia ile yeye peke yake ndiye anayecheka. Nusura nimkumbatie.

Papa Raphaël naye alipita, ametoka misa. Akasimama. Akasoma. Akainama, akasoma ukingo. Akainuka polepole ameshika mgongo, akaenda zake. Amesoma mpaka mwisho! Hiyo ni dalili.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mwenye boti inayokwenda Minova aliniita bandarini. Boti mpya, rangi nyeupe, jina lake SUBIRA NJEMA. Nikapiga hesabu kichwani: Papa Raphaël hutembea kando ya ziwa Jumapili jioni, lazima ataiona.

Nilianza ubavu wa kushoto. SUBIRA ikaenea kutoka mbele mpaka kwenye mota. Nikazunguka, nikaandika NJEMA ubavu wa kulia. Ilipendeza sana, hata wabeba mizigo waliacha kazi kutazama.

Mwenye boti hakupendezwa. Alisema watu wa upande huu watajua subira tu, na wa upande ule watajua njema tu, na hakuna atakayejua boti yake. Nikamshauri awe anaigeuza mara kwa mara akiwa bandarini. Akanipa kipande cha msasa.

Nimesugua mpaka jioni. Mikono inawaka. Lakini kosa si la herufi. Boti ni fupi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Destin ni nyoka. Amemchapishia Papa Raphaël kadi ndogo za kugawa, bure, zenye jina lake na cheo cha "Directeur honoraire", mkuu wa heshima, kwa zile herufi zenye mikia. Georgette anasema baba yake ameziweka mfukoni mwa koti na anazigusa wakati wa kula. Anazigusa!

Nami nikajibu. Papa Raphaël ana mbwa anaitwa Kapita, mbwa wa kweli, anayeng'ata. Lango lao halina maandishi. Leo asubuhi mzee alipokuwa kwenye mkutano wa parokia, nikaenda na brashi. MBWA nikaiweka kwenye ubao wa kushoto wa lango, MUKALI kwenye wa kulia. Zawadi. Bure pia, kama za nyoka.

Georgette alitoka, akatazama muda mrefu. Akauliza kwa upole kama mbwa anauzwa. Sikuelewa.

Nilielewa saa sita. Watoto wa mtaa mzima walikuwa langoni na vipande vya mkate. Walitaka kumshika Kapita. Mwenye makala, muuza mkaa, alifika na gunia, akasoma, akatabasamu, akaingia amenyoosha mkono ili amkune mbwa kichwani. Kapita amebaki na mguu mmoja wa suruali yake.

Papa Raphaël aliporudi aliniita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema kwa ile sauti ya darasani kwamba lango lake limeishi miaka mingi bila neno na hakuna aliyepoteza nguo. Kisha akasema, "Mutoto wangu, hii maandiko yako haionyi mutu. Inamukaribisha." Nikafuta. Mwenye makala alisimama pembeni ananitazama, amejifunga kitenge.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Nadhani Kapita hajitahidi. Angekuwa nje amefunua meno, herufi zingeeleweka.

Jumanne, 10 Oktoba

Tantine Yolande amefariki.

Moyo, wamesema. Alikuwa anateka maji, akakaa chini kupumzika, hakuinuka. Leo asubuhi Maman Asumini alikuwa safarini Uvira na kona ilikuwa kimya, na mimi nilikuwa nangoja kicheko cha Tantine bila kujua kwamba nangoja bure. Nimelia kibandani. Ubao mmoja umelowa, si kwa mvua.

Mchana Georgette akaja, macho mekundu. Matanga yako kwa baba yake. Wanahitaji kaliko, kitambaa chenye maandishi, ya kutundika langoni, watu wajue pa kuingia. Destin alikwisha kuahidi, lakini umeme umekatika tangu jana na mashine yake imekaa kama sanduku. Basi Papa Raphaël amekubali niandike mimi. Amekubali, akasema Georgette, lakini kwa shida. Akanishika mkono. Akaniomba mambo matatu: rangi nyeusi, herufi za kawaida, na "Pumzika kwa amani" ionekane. Alisema baba yake hajalia tangu asubuhi, amekaa wima kama yuko kwenye mtihani, na yeye anaogopa. Akasema pia kwamba nikiharibu safari hii, hatakuwa na la kumwambia tena.

Nimeelewa. Nimeelewa vizuri sana.

Nilifungua kopo la nyeusi. Nikaandika M. Nikarudi nyuma kutazama. Tairi la lori! Nikafikiri, Tantine Yolande si lori. Nikamwona mbele ya kibao, ameshika kiuno. Sijui mkono ulifikaje kwenye kopo la machungwa.

MAMAN YOLANDE. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. O na A zimekaa kama yeye alivyokuwa anakaa. Kitambaa kimekwisha, kwa hiyo "Pumzika kwa amani" nimeiandika nyuma. Ni kubwa pia. Inaonekana kabisa, kutokea ndani ya ua.

Jumatano, 11 Oktoba

Siku gani hii!

Asubuhi vijana wa familia walitundika kaliko langoni, katikati ya matawi ya mitende. Niliitazama kutoka barabarani na nikaona fahari, Mungu anisamehe. Ndani kulikuwa na hema, viti vya plastiki, wanaume upande huu, wanawake kwenye mikeka upande ule. Papa Raphaël mbele, wima, macho makavu. Destin kiti cha pili, shati jeusi limepigwa pasi. Alilipiga pasi kwa umeme gani?

Kwanza akaingia msichana na sahani. Akasimama mbele ya wanaume, akaomba mandazi.

Wakamwambia amekosea nyumba. Akaonyesha kaliko, akaenda zake ananung'unika. Kisha akaja motari, akasimamisha pikipiki, akauliza kama yapo ya moto. Kisha wanafunzi wa shule, kundi zima, na makoti ya mvua. Wote wanatafuta mandazi ya Maman Yolande. Mtaa mzima ulikuwa umejua kwa siku chache tu kwamba herufi zile na rangi ile maana yake ni mandazi. Hakuna aliyewafundisha. Ni mimi niliyewafundisha! Destin alifunika uso kwa kitambaa, mabega yanacheka.

Kisha tukasikia sauti barabarani. Maman Asumini amerudi kutoka Uvira, unga mpaka viwikoni, anauliza kwa nini kona yake haina watu. Anapiga kelele mtaa usikie. "Nani huyu Yolande anauzisha mandazi apa? Maandiko ni yangu! Rangi ni yangu! Cirhuza ameniuza!" Akaingia chini ya hema na kijiko cha kukaangia mkononi.

Akaona viti. Akaona picha, na mshumaa mbele yake.

Kijiko kikaanguka. Hakujua. Hakuna aliyemwambia huko Uvira. Akasema polepole, "Yolande yangu? Ule wa kila asubuhi?" Akakaa chini palepale, akalia kwa sauti, na wanawake waliokuwa wamechoka kulia wakaanza upya pamoja naye.

Papa Raphaël akasimama, akaniita. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aliuliza kwa nini rangi ya machungwa. Aliuliza yako wapi maneno ya Mungu. Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wenye kopo la nyeusi lililomwagika na barabara iliyokatika. Nikafungua mdomo. Nikamwona Georgette nyuma yake, mikono imeshikana chini ya kidevu. Uongo ukanikwama.

Nikamwambia kweli. Kwamba Tantine alisimama mbele ya kibao wiki iliyopita, akasema maandishi yale ni yeye. Kwamba ni manene, yanakaa vizuri, hayana haraka. Kwamba nilijaribu nyeusi na haikuwa yeye.

Mzee akageuka, akaitazama kaliko. Akaitazama muda mrefu, kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi mgumu. Hapo hapo mtoto mwingine, mdogo, na sahani kubwa kuliko yeye, akamvuta koti. Akamuuliza kama mandazi yamekwisha.

Mabega ya Papa Raphaël yakatikisika. Nikajua nimekwisha. Lakini alikuwa anacheka! Akasema, "Yolande! Hata leo batoto banakufuata juu ya chakula." Akacheka mpaka akashika kiti, kisha kicheko kikageuka njiani, na mzee akalia. Akalia kama mtu aliyesahau jinsi ya kufanya, na Georgette akamshika. Mimi pia nililia. Wanaume wengi walilia. Destin alitazama viatu vyake.

Maman Asumini akafuta uso, akaenda kwake. Alirudi na beseni limejaa mandazi, yanatoa moshi. Kila aliyekuja na sahani alipata, na waliokaa kwenye viti nao walipata. Papa Raphaël alikula moja akiwa amesimama, kama dada yake.

Alhamisi, 12 Oktoba

Tumemzika. Mvua ilisubiri mpaka tumemaliza, kisha ikaja yote.

Nyumbani mzee aliniita kando, barazani. Akasema kaliko imeshushwa. Umeme umerudi, na kwa ajili ya misa ya kumbukumbu Destin atachapisha nyingine, nyeusi, nyembamba, yenye maneno ya Mungu upande wa mbele. Nikainamisha kichwa. Lakini ile yangu hakumpa mtu. Aliikunja mwenyewe, kona kwa kona, akaiweka kwapani, na alipokuwa anaongea nami alikuwa anaipapasa. Kadi za Destin sikuziona.

Kisha akasema, "Juzi uliandika kweli. Usirudilie." Akasema niwalete wazee wangu Jumapili ya wiki ijayo.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia! Akaongeza kwamba kabla ya kufika tutume barua, kama watu wenye adabu. Na barua iwe ya wino mweusi. "Na page moja tu, Cirhuza. Moja."

Nikasema ndiyo, Papa. Ndiyo kwa yote. Georgette alikuwa dirishani, amefunika mdomo kwa kiganja, anacheka na kulia. Nilipanda njia yote ya kurudi kibandani bila kujisikia miguu. Nikampungia Destin mkono. Hakupunga.

Jumapili, 15 Oktoba

Kazi ya barua. Georgette amepita baada ya misa, akaniachia karatasi safi na kalamu ya Bic. Akasema niandike kwa mwandiko wa kawaida, mistari michache, nitie sahihi, basi. Ana moyo mzuri. Haelewi sanaa. Kwa Bic hata Destin anaweza kuomba mchumba.

Nimekaa, nikatafakari maagizo ya mzee. Ni mtu wa shule, maagizo yake lazima yafuatwe neno kwa neno. Alisema nyeusi. Nimenunua kopo jipya la nyeusi. Alisema page moja. Vipimo vya page hakuvitaja.

Nimechukua kitambaa cheupe, cha kitanda cha watu wawili. Page moja! Nimeibandika ukutani na nimefanya kazi tangu saa saba. Nyeusi si mbaya kama nilivyodhani. Ikikauka inaonyesha ukoo wenye nguvu. Tairi nalo ni kitu cha heshima, ukifikiri vizuri, linafikisha watu mahali.

Baba mdogo, ambaye ndiye atakayeongoza wazee wetu, alikuja kuiona. Akauliza itabebwa namna gani. Nimemweleza: mzee mmoja huku, mzee mmoja kule, na wa tatu katikati na mwavuli. Akavua kofia, akakaa chini. Nadhani imemgusa.

Juu nimeandika PAPA RAPHAËL. Chini yake TUNAOMBA. Zimekaa vizuri mno, hazina haraka, na kitambaa kimejaa mpaka kwenye pindo. Jina la Georgette halikupata nafasi.

Si neno. Nitaliandika nyuma.